Nyumba Isiyohesabu Saba

Nyumba ya kona, mlango wa kijani,
Karakana ya uani.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Sita-Nane,

Kabla sijagusa jambo lolote jingine, pokea salamu zangu, kisha umpe wifi yangu zake na mabinti zangu wawili zao. Nakuomba barua hii uisome kwa sauti mbele yao wote, wala usiruke mstari. Wewe ndiye uliyenibandika jina la Spika, ukidai kwamba siwezi hata kuomba chumvi mezani bila kuhutubia. Basi leo Spika anahutubia. Ketini vizuri.

U hali gani, ndugu yangu? Na mkono nao u hali gani? Siulizi kwa mazoea ya barua. Nataka jibu lenye maelezo: ni vidole vingapi sasa vinajikunja, bega linainuka hadi wapi, kifungo cha shati unakifunga mwenyewe au wifi ndiye anayekufungia huku ukimnunia. Ulimi wako, namshukuru Mungu, haukuguswa na kiharusi kile. Wifi ameniandikia kwamba ungali unabishana na watangazaji wa redio, na kwamba mara nyingi unawashinda. Habari hiyo ilinifariji kuliko cheti chochote cha daktari.

Sisi huku tuna afya ya kuridhisha. Macho yangu yanataka miwani mipya. Mama anakula vizuri, anacheka, na anakumbuka mambo ambayo sote tungependa ayasahau. Mgongo wake ndio unaomsumbua. Nitarudi kwenye mgongo huo, kwa sababu ndio uliozaa barua hii.

Barua yako ilifika wiki tatu zilizopita. Niliisoma peke yangu, kisha nikamsomea Mama. Akaniomba niirudie sehemu moja, ile uliyoandika: "Upinde wangu mpe mtu mwingine. Sitarudi nyumbani kukaa mlangoni nikitazama mikono ya wenzangu." Nilipomaliza kuirudia, Mama aliinyosha kanga magotini, akasema tu, "Haya." Unaijua "haya" yake ile. Hakuna anayeijibu.

Nimechelewa kukujibu kwa makusudi. Kumwambia mtu aliyepungukiwa na mkono wake wa kazi kwamba asijali, yote yatakuwa sawa, ni rahisi mno kwa mwenye mikono miwili. Sikutaka kukuandikia maneno ya namna hiyo. Nilikuwa sina jibu, na mtu asiye na jibu ni heri anyamaze, ingawa unajua jinsi kunyamaza kunavyoniumiza. Sasa ninalo. Nililipata karakanani, Jumanne na Alhamisi ya wiki hii.

Hapa naomba ruhusa niseme na mabinti, maana najua wanachofahamu ni kwamba zamani baba yao alikuwa "akikata povu", na pengine wanafikiri ni povu la sabuni. Wanangu, ni lile povu gumu jeupe linalokuja ndani ya maboksi ya televisheni, ila letu huja kwa mapande makubwa kama kabati. Tunalikata kwa waya. Waya wenyewe ni mwembamba kama uzi, umevutwa kwenye upinde wa mbao, na ndani yake unapita umeme mdogo unaoupasha moto bila kuuwasha. Waya huo hauna makali, unapita kwa kuyeyusha njia mbele yake. Mkono wa mkataji una sheria mbili tu: usisukume, na usisimame. Ukisukuma, waya unapinda katikati na kukutolea tumbo. Ukisimama, hata kwa muda wa kupiga chafya, unachimba mfereji ambao hakuna msasa utakaoufuta. Kwa njia hiyo shangazi yenu na baba yenu walichonga herufi za maduka, keki za maonyesho za kuwekwa dirishani kwa mwoka mikate (mgeni mmoja aliing'ata moja, akaisifia), na simba wa jukwaani ambaye mkia wake bado unaning'inia hapa juu ya kichwa changu.

Pande kubwa hukatwa na watu wawili, kila mmoja ameshika mwisho mmoja wa upinde. Ubavuni, huku na huku, hupigiliwa vigezo, yaani vipande vya plaiwudi vilivyokatwa kwa umbo tunalolitaka, na waya huteleza juu ya kingo zake. Kila kigezo kina alama zenye nambari. Mmoja anataja nambari kwa sauti, na wote wawili wanatakiwa kuifikia alama hiyo kwa pamoja. Mmoja akitangulia, kazi inajisokota.

Na nambari zetu, wanangu, hazina saba.

Baba yenu, alipokuwa na umri wa miaka minne, alipewa kazi ya kuhesabu sahani za mezani. Kila siku alihesabu: nne, tano, sita, nane. Baba alitaka kumrekebisha. Mama akakataa, akasema mtoto akikosea kwa furaha namna ile aachwe. Mwaka haukupita kabla ya nyumba nzima kuhesabu hivyo. Shuleni tulihesabu kama watu wote. Nyumbani, hapana. Ngazi zetu za mbele ni nane kwa mgeni, na kwetu ni tisa. Kwa hiyo tulipofungua karakana, vigezo vyote alivyovikata baba yenu viliandikwa sita, kisha nane, wala hatukuona kwamba kuna la kueleza.

Sasa nirudi kwako, mdogo wangu. Unakumbuka egemeo ulilomchongea Mama kabla hujaondoka. Ulimketisha kwenye kigoda, ukaulaza waya laini juu ya uti wake wa mgongo, kwanza upande wa kulia, kisha wa kushoto, kwa kuwa mgongo ule hauinami sawa. Kwa mikunjo hiyo ukakata vigezo viwili visivyofanana. Egemeo hilo amelilalia miaka sita. Mwezi wa Januari lilikatika katikati. Tangu siku ile Mama amekuwa akilala ameketi kitini, na miguu yake ikaanza kuvimba. Daktari alituambia kwa upole kwamba mtu wa umri wake hawezi kuendelea hivyo kwa muda mrefu. Nilijaribu mito. Mama akaniambia mito yangu ni kama hotuba zangu, imejaa lakini haimshiki mtu popote.

Mapande ya lile povu zito, lisilobonyea, yalikuwa yamebaki mawili tu stoo. Muuzaji wetu sasa analeta jepesi linalopukutika. Nilihitaji mtu wa kushika mwisho wa pili, nikamwita mkaza mwana wangu, fundi cherehani, ambaye hujapata kumwona. Sisi tunamwita Rula. Ni binti mwenye adabu na ulimi, na kitu kilichopinda hakikai mbele ya macho yake. Akiona picha imeinama ukutani kwa watu, anaomba samahani kisha anainyosha.

Alipovitoa vigezo vyako, alikuta nambari zimefifia kwa moshi na mikono. Jumatatu, mimi nikiwa nimetoka, akakichukua kigezo cha upande wake, akakifuta vizuri, na akaziandika upya kwa kalamu ya wino mzito, kwa mwandiko wake mzuri: moja, mbili, tatu, hadi kumi na moja. Za kwako zilikuwa zikiishia kumi na mbili. Alidhani ulikosea, na kwa adabu hakutaka kukusema.

Jumanne tulifungua madirisha, tukavaa barakoa zetu, na Mama akaletwa na kiti chake mlangoni ili aone. Waya ulikuwa mzuri. Tuliujaribu kwenye kipande cha taka ukapita bila moshi. Nikaanza kutaja. Moja hadi sita tulikwenda pamoja vizuri sana, hata nikajisifu moyoni. Nikasema, "Nane." Nikahisi upinde unanivuta.

"Mwanangu, mbona unakimbia?"

"Sikimbii, mama. Wewe ndiye umeruka. Umesema nane, nami niko nane. Saba umeipeleka wapi?"

Nikafungua kinywa kumjibu, naye akafungua cha kwake kunijibu, na waya, ambao hausubiri mjadala, ukachimba. Tulipokumbuka kuuzima, pande lilikuwa limejisokota kama shingo ya mtu aliyelala vibaya safarini, na katikati lina mfereji ambao kuku angeweza kutaga humo.

Ndipo sauti ya Mama ikatoka mlangoni:

"Nani kamwambia mtoto huyu kwamba nyumba hii ina saba?"

"Bibi," Rula akasema, barakoa ikiwa imemshuka kidevuni, "nina miaka mitatu humu ndani. Hakuna aliyeniambia. Kila nikipanda ngazi za mbele na mama nasikia tisa, mimi miguu yangu inaniambia nane. Nilidhani nyote hesabu zimewapiga chenga, nikaona nisiwaaibishe."

Mama alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka. Nilikaa juu ya lile pande lililoharibika na kulia, na nakuambia haya mbele ya mabinti bila haya. Sikulia kwa sababu ya povu. Nililia kwa kuwa miaka yote niliamini kwamba kazi ile tuliifanya kwa ujuzi, na siku ile nikaona ni kiasi gani cha ujuzi huo kilikuwa ni mimi na wewe tu kujuana. Nilifikiri: huyu aliyesema mahali pake apewe mtu mwingine hajui anachokisema, kwa maana mahali penyewe hapapokeleki.

Nilimwomba Rula radhi. Kumwacha mtu ndani ya familia miaka mitatu bila kumpa hesabu ya nyumba ni kosa, na kosa hilo lilikuwa langu.

Mama alikuwa ameacha kucheka. "Limebaki moja?" akauliza. Nikamwambia limebaki moja. Akasema, "Basi nyinyi shikeni. Kuhesabu nitahesabu mimi."

Alhamisi, Rula akiwa ameziandika upya nambari zake bila saba, tukajaribu tena. Kiti chake tulikiweka mbele kabisa, kando ya dirisha, mahali anapoweza kuziona ncha zote mbili za upinde. Nawe unajua kwamba sisi wawili, katika miaka yote ile, hatukuwahi kuwa na mtu wa kusimama pale. Ama ulitaja wewe huku umeshika, ama nilitaja mimi huku nimeshika. Mama hakushika kitu. Mikono yake ilikuwa magotini. Akahesabu polepole, kwa sauti ile ya kuhesabia sahani, na kati ya nambari na nambari akawa anatugawia maneno: "Rula, mama yako amekuacha. Nne. Spika, taratibu, hakuna anayekufukuza. Tano." Alipofika sita akavuta pumzi, akaenda nane, na Rula safari hii akaenda naye bila kutikisika.

Baada ya nane, pumzi zikamwishia Mama. Akakohoa. Waya hauwezi kusubiri, kwa hiyo nikadaka hesabu mimi, tisa, kumi, hadi mwisho. Tukazima umeme, tukainua kipande cha juu, na umbo likatoka zima.

Sasa sikiliza vizuri, kwa maana hapa ndipo jibu langu lilipo. Nilipitisha kiganja juu ya lile egemeo. Kuanzia moja hadi nane, uso wake ulikuwa laini kama maji yaliyotulia ndani ya beseni. Kuanzia tisa, palipoanza sauti yangu, kulikuwa na mawimbi. Madogo, lakini kiganja kiliyajua. Nikapanda ngazi na kushusha kazi zetu za zamani: ule mkia wa simba, ile herufi kubwa iliyokataliwa na mwenye duka, lile bawa la malaika. Nikazipapasa zote. Mawimbi ni yale yale, kila moja. Miaka yote wewe ulilaumu umeme na mimi nililaumu waya. Kumbe ni sisi. Anayetaja nambari huku ameshika upinde huutangulia mkono wa mwenzake kwa nusu pumzi, kwa sababu yeye anaijua nambari kabla haijatoka kinywani. Nusu pumzi hiyo ndiyo wimbi.

Kazi ile, ndugu yangu, tangu mwanzo ilikuwa ya watu watatu. Mahali pa tatu palikuwa wazi siku zote, na panahitaji macho mawili, mapafu mazuri na mtu aliyekwisha kuushika upinde huo kiasi cha kuujua kwa masikio. Mkono hapahitaji hata mmoja.

Uliandika kwamba hutarudi kukaa mlangoni ukitazama mikono ya wenzako. Nakuomba uje ukae mbele, kando ya dirisha, uiendeshe mikono hiyo. Sikuiti kwa huruma. Huruma ninayo, na sitajidai kwamba sina, ila huruma haikati povu. Jumba la michezo ya kuigiza limetuagiza nguzo sita za jukwaani, kila moja ndefu kuliko mlango na yenye kiuno. Mama mapafu yake hayafiki nguzo moja. Rula na mimi, mmoja wetu akitaja, tutatoa nguzo zenye mawimbi, na sasa kwa kuwa nimekwisha kuyajua siwezi tena kujifanya siyaoni.

Wifi yangu, naomba nawe unisikilize. Uamuzi huu si wa mume wako peke yake wala si wangu. Una kazi yako, na mabinti wana shule yao. Mkisema ni mwaka ujao, au ni likizo tu kwanza, nitaelewa. Ninalokataa ni jambo moja: asibaki huko kwa kudhani kwamba huku hana mahali. Hilo si kweli, na nimelipima kwa kiganja.

Kuhusu upinde wako, sikumpa mtu. Rula ameushika kama anavyoshika mkasi wa kuazima, na kila akimaliza anaurudisha kwenye msumari wako.

Mkasirikieni kidogo Rula kwa jambo moja: alitaka kuiandika saba kwenye vigezo vyote, na kukata alama mpya ili kila kitu kikae sawa. Mama akamkataza. "Iache," alisema. "Hiyo ina mwenyewe. Akija, akitaka kuitaja ataitaja. Asipotaka, tutaendelea kuiruka."

Nimalizie na Mama. Egemeo tulilisugua msasa, Rula akalivalisha sponji laini na foronya ya maua, na Ijumaa mchana tukamlaza juu yake. Alijisogeza mara mbili, kisha akatulia. Tangu Januari sikuwa nimemwona amenyosha miguu. Nilimuuliza kama kuna mahali panapomchoma, nirekebishe. Alikuwa amefumba macho tayari.

"Hakuna," akasema. "Mwanangu amenishika mgongo."

Akalala hadi jua lilipohamia ukuta wa pili. Uvimbe wa miguu umeanza kushuka.

Mama anakusalimu na anauliza kama unakula. Mjomba fundi saa anakusalimu. Amestaafu lakini bado anafungua saa za watu bila kuombwa. Shangazi mkunga anasema vidole uvikande kwa maji ya vuguvugu asubuhi na jioni, wala usimwambie kwamba umesahau. Mwanangu anamsalimu baba yake mdogo wa upande wa mama, maana ndivyo anavyokuita tangu utotoni na hataki kusikia habari ya "mjomba". Rula anamsalimu mjomba mkwe asiyemjua, na anakuomba radhi kwa kukusahihisha.

Mwenyezi Mungu aulegeze mkono wako, aushike ulimi wako katika uzima ulio nao, awatulize wote walio chini ya dari yenu, na siku mtakayoianza safari aiweke njia wazi mbele yenu.

Na siku hiyo ikifika, usitume mtu kuja kubisha hodi. Kishikio cha ngazi za mbele kiko upande wa kushoto, kile kile alichokipigilia Baba. Nimekitikisa asubuhi hii na hakichezi. Panda taratibu, ukihesabu kwa sauti. Mama atakuwa ndani anasikiliza. Ukifika tisa, mlango utakuwa wazi.

Dada yako akupendaye bila kuruka hata siku moja,

Spika